Duma amepandwa: utajuaje kama ana mimba bila kumlaza kwa dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Natunza paka wakubwa kwenye kituo cha kuzalisha wanyamapori. Duma wetu jike alipandwa siku tatu mfululizo, na leo ni siku ya 41 tangu mara ya mwisho. Anakula vizuri, amenenepa kidogo, na anapenda kujitenga. Tulinunua vipimo vya mimba vya dukani, vile vya akina mama, tukachovya kwenye mkojo wake mara tatu. Vyote vimesema hana. Wenzangu wanataka alazwe kwa dawa apigwe altrasaundi, yaishe. Mimi roho inasita. Je, kuna njia ya kujua bila kumgusa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: msimlaze. Duma asiyeumwa, aliye siku ya 41, hana sababu ya kupigwa sindano ya usingizi ili sisi tu tutulie. Dawa hizo hupunguza upumuaji, huvuruga shinikizo la damu na joto la mwili, na nyingi hupenya kondo la nyuma zikawafikia watoto. Kama ana mimba, mtakuwa mmeihatarisha kwa ajili ya kujua kama ipo. Kama hana, mtakuwa mmempitisha kwenye hofu ya kuviziwa na kudungwa, jambo ambalo paka mkubwa halisahau upesi. Kesho utamwita mlangoni, naye atakaa kona ya mbali akikutazama.

Njia unayoiulizia ipo, na kila asubuhi unaifagia. Kinyesi chake kinabeba habari unayoitafuta. Tatizo ni tarehe. Leo, siku ya 41, hata maabara nzuri kiasi gani ikipima homoni ya kawaida ya mimba kwenye kinyesi hicho haitaweza kukuambia kama ana watoto tumboni au la. Kuanzia siku ya 60 hivi itaweza. Nitaeleza kwa nini, maana sababu hiyo ukiishika vizuri utajua pia namna ya kuwapima paka wengine ulio nao.

Kwanza tuviweke kando vipimo vya akina mama. Kijiti kile kinatafuta homoni ya hCG, inayotengenezwa na kiinitete cha binadamu na kondo lake. Sokwe, gorila na orangutani wana homoni inayofanana nayo sana, ndiyo maana watunzaji humfundisha gorila jike kukojoa kwenye chombo, kisha wakatumia kijiti kile kile cha dukani na kikajibu kweli. Tumbili wengi nao wanayo, ila kwa muda mfupi mwanzoni mwa mimba, ukichelewa imekwisha. Farasi na jamii yake wana ya kwao, lakini hiyo hutafutwa kwenye damu. Paka hawana kabisa, wala mbwa, wala dubu, wala tembo. Kijiti hicho kingesema "hana" hata asubuhi ya siku ya kuzaa. Kwa hiyo yale majibu matatu yakateni daftarini, mtu wa zamu nyingine asije akayasoma akaamua kumhamisha banda.

Sasa tuje kwenye homoni ambayo duma anayo. Yai likishachomoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki tezi ndogo ya manjano. Tezi hiyo humwaga projesteroni, ambayo kazi yake ni kulituliza tumbo la uzazi na kuliandaa limpokee mgeni. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Tezi haisubiri kuambiwa kama mimba imetunga. Inaanza kazi kwa sababu yai limetoka, basi. Na kwa duma, kama ilivyo kwa paka wengi, kupandwa kwenyewe ndiko kunakoiamsha ovari itoe yai. Akipandwa, yai likatoka, lakini lisirutubishwe, tezi itaendelea kumwaga projesteroni kwa siku hamsini na kitu, na mwili mzima utaishi kana kwamba kuna watoto. Hiyo ndiyo mimba ya uongo. Hamu ya kula inaweza kuongezeka, mwili ukajaa, na tabia ikabadilika. Dalili zote tatu ulizoniandikia zinaingia humo, na zinaingia pia kwenye mimba ya kweli.

Mimba ya kweli ya duma huchukua siku 90 hadi 95 hivi. Ile ya uongo huishia kati ya siku ya 50 na ya 60. Zipange hizo mbili kwenye karatasi moja, utaona kwamba mistari ya projesteroni inapanda pamoja, inatembea bega kwa bega kwa zaidi ya wiki saba, halafu mmoja unaporomoka na mwingine unaendelea juu. Siku ya 41 mko katikati ya njia ile ya pamoja. Ukipeleka sampuli leo, jibu litakuwa "projesteroni ipo juu", mtashangilia, na mtakuwa mmejifunza jambo moja tu: kwamba yai lilitoka.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwahi kuletewa sampuli moja ya kinyesi cha paka mkubwa, moja tu, ya mwezi wa kwanza baada ya kupandwa. Namba ilikuwa juu mno, nikaandika kwamba mimba ipo. Wahudumu wakamhamisha dume, wakajenga tundu la kuzalia, wakalala zamu wiki nzima za mwisho. Hakuzaa. Jike yule alikuwa mzima, hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye swali nililoliuliza maabara. Tangu siku hiyo sijibu kwa sampuli moja, na ninakuomba na wewe usikubali kujibiwa hivyo.

Pengine utauliza kwa nini nasisitiza kinyesi na siyo mkojo, ilhali mkojo mmeshajua kuukusanya. Homoni za uzazi zikimaliza kazi hupita kwenye ini, zikavunjwavunjwa, kisha hutolewa kwa njia mbili: figo na mkojo, au nyongo na utumbo. Kila jamii ya wanyama ina upendeleo wake. Paka wameegemea upande wa nyongo kupita kiasi. Zaidi ya asilimia 90 ya masalia ya homoni hizi hutoka na kinyesi. Tena kinachotoka si projesteroni yenyewe, ni vipande vyake vilivyobadilishwa na ini. Kwa hiyo ukiambiwa na maabara kwamba wana kipimo cha projesteroni ya damu ya binadamu au ya mbwa, waulize kama kingamwili wanayotumia inashika pia masalia yanayopatikana kwenye kinyesi cha paka, na kama wamekithibitisha kwa duma ambao walikuja kuzaa kweli. Wakibabaika, tafuta maabara nyingine. Kipimo kilichothibitishwa kwa ng'ombe hakikopeshwi kwa duma hivi hivi.

Nitakaa kidogo kwenye ukusanyaji, kwa sababu kazi nyingi huharibikia bandani kabla sampuli haijafika maabara.

Kinyesi kiokotwe kikiwa kibichi, ndani ya saa moja au mbili kikiwezekana. Bakteria waliomo hawalali, wanaendelea kuzivunja zile homoni, na joto linawaharakisha. Kilichokaa juani tangu jana kiache. Kilicholowa mkojo au maji ya kuoshea sakafu nacho kiache. Homoni hazikusambaa sawasawa ndani ya bonge, kwa hiyo usikate ncha moja ukaondoka nayo. Vaa glavu, chukua vipande sehemu tatu au nne, vivuruge ndani ya mfuko, utoe kiasi cha kidole gumba. Ondoa manyoya na mifupa. Andika jina la mnyama, tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika kwa unyevu, kisha tia kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi. Kikishaganda kisiyeyuke tena hadi maabara. Umeme ukikatika usiku mzima, andika hivyo pia. Tarehe hiyo itakuja kueleza namba ya ajabu ambayo vinginevyo ingewasumbua.

Kama duma wako analala peke yake, kazi ni rahisi. Kama anakaa na wengine, mpe ndani ya nyama rangi ya chakula isiyo na madhara, au chembe ndogo za kung'aa zisizo na sumu, ili kinyesi chake kijulikane. Baadhi ya vituo hutumia shanga ndogo za plastiki kwa wanyama wakubwa. Chochote mtakachotumia, daktari wenu akiridhie kwanza, na kila mnyama awe na alama yake isiyobadilika.

Mara ngapi? Mara tatu kwa wiki inatosha kwa duma. Na hapa nakuambia jambo ambalo kwa sasa limeshawapita lakini litakufaa mwaka ujao: sampuli zenye thamani kubwa kuliko zote ni zile za kabla hajapandwa. Duma mmoja kawaida yake ni ya juu, mwingine ya chini. Namba peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na kawaida ya yule yule. Ukiwa na wiki tatu nne za kabla, maabara itaweka mstari wa chini wa duma huyu, na kila kinachopanda juu yake kitaonekana bila ubishi. Kama kuna mhudumu aliyekuwa akiweka vinyesi kwenye friza kwa sababu nyingine, kwa mfano uchunguzi wa minyoo, kamuulize leo. Nimewahi kuona maswali ya mwaka mzima yakijibiwa na mfuko uliosahaulika chini ya friza.

Maabara watakausha sampuli kwa baridi, wasage, wapime uzito wa unga mkavu, kisha watoe homoni kwa kuuloweka kwenye alikoholi. Wanakausha kwa sababu kinyesi chenye maji mengi kingeonekana kama chenye homoni kidogo. Wanaotumia mkojo hupima kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, kwa sababu hiyo hiyo, kujua mkojo ulichanganyika na maji kiasi gani. Omba wakupe grafu ya siku zote, usikubali wastani peke yake.

Ukiipata grafu, isome hivi. Kama mstari haukupanda kabisa siku chache baada ya kupandwa, yai halikutoka, na hapakuwa na mimba ya aina yoyote. Kama ulipanda ukashuka karibu na siku ya 50 au 55 ukabaki chini, ilikuwa mimba ya uongo. Kama umevuka siku ya 60 ukiwa bado juu, na sampuli za siku ya 62, 65 na 68 zinakubaliana, tayarisha tundu. Iko na hali ya nne, inayouma: mstari umevuka 60 vizuri, halafu ukaanguka ghafla siku ya 70 na kitu. Hapo mimba ilikuwepo na imepotea. Bila sampuli hizo mngehesabu kwamba duma huyu "hashiki", mkambadilishia dume, mkaacha kutafuta ugonjwa au usumbufu uliomfanya aipoteze.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Emi, kifaru jike wa Sumatra aliyekuwa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani. Alizoezwa kusimama kwenye kizimba akila matunda huku akipimwa kwa altrasaundi kupitia njia ya haja kubwa, bila dawa ya usingizi. Kwa njia hiyo waligundua kwamba alikuwa anashika mimba na kuipoteza, tena na tena, mara tano. Kwa jicho tu angeonekana tasa. Mimba iliyofuata walimpa homoni ya jamii ya projesteroni kwa mdomo, na tarehe 13 Septemba 2001 akamzaa Andalas, kifaru wa Sumatra wa kwanza kuzaliwa na kukulia mikononi mwa watu baada ya miaka 112. Mimba ile ilikaa karibu miezi 16.

Umesema una paka wengine wakubwa, basi usiichukue kanuni ya duma ukaihamishia kwao ilivyo. Simba hubeba mimba siku 110 hivi, chui milia siku 103 hadi 105, na kila mmoja ana urefu wake wa mimba ya uongo. Kanuni ya "imevuka au haijavuka" inafanya kazi kwao, ila siku za mpaka ni tofauti. Linksi, paka mwitu wa umbo la kati, ndiye anayeivunja kanuni yenyewe. Tezi zake za manjano hazinyauki baada ya msimu. Hubaki zikifanya kazi kwa muda mrefu mno, hata akiwa hana mimba. Wataalamu wa Hispania na Ujerumani waliokuwa wakijitahidi kumwokoa linksi wa Iberia, aliyekuwa amebakia chini ya 100 mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta projesteroni haiwasaidii hata kidogo. Ikabidi watafute kitu ambacho hutengenezwa na kondo la nyuma lenyewe.

Kitu hicho ni relaksini. Kwa paka na mbwa hutoka kwenye kondo, kwa hiyo pasipo na kondo haipo. Unaweza kuipata kwenye damu, na kwa kiasi kidogo kwenye mkojo, katikati ya mimba. Kwa damu, wenzetu hao walibuni njia ninayoipenda kuliko zote katika fani hii. Kuna mdudu mkubwa anyonyaye damu, jamaa ya kunguni, aitwaye Dipetalogaster maxima. Walimfuga maabara akiwa safi bila vimelea, wakampachika kwenye tundu lililochongwa ndani ya gamba la mti wanaolilalia linksi. Linksi anapumzika, mdudu ananyonya bila kuleta maumivu ya kumshtua, baada ya muda mfupi mtu anamtoa na kuvuta damu kutoka kwenye mdudu. Damu ile hupimwa relaksini, na linksi hajui kama ametolewa damu.

Kwa kinyesi, kinachofaa kwa paka ni masalia ya prostaglandini, kemikali ya mwili inayofanya kazi kama homoni, yanayoitwa kwa kifupi PGFM. Hupanda katika theluthi ya mwisho ya mimba, na mimba ya uongo haina mpando huo. Yamejaribiwa kwa linksi na kwa paka wengi wengine, duma wakiwemo. Kama maabara yenu inayo kipimo hicho, ombeni kipimwe kwenye sampuli zile zile za siku ya 60 kwenda mbele. Projesteroni ikisema "imevuka" na PGFM ikipanda, mna mashahidi wawili wasiojuana. Mwaka 2017 watafiti walichapisha pia kwamba protini mojawapo ya kinyesi, sehemu ya kingamwili iitwayo mnyororo J, ilikuwa juu zaidi kwa duma wenye mimba ndani ya wiki nne za mwanzo. Ikifika siku kipimo cha namna hiyo kikatoka kwenye utafiti kikaingia kazini, swali lako la siku ya 41 litajibiwa siku ya 28. Kwa leo usiipangie ratiba.

Panda, yule dubu mweusi na mweupe wa Uchina, na dubu wa barafu nitawagusa kwa sababu wanatupa subira. Panda huwa kwenye joto kati ya siku moja na tatu tu kwa mwaka. Kiinitete huelea muda usiotabirika kabla ya kujishikiza, ndiyo maana mimba inaweza kuchukua chini ya siku 90 au zaidi ya 150. Mimba yake ya uongo ina projesteroni ile ile, tabia ile ile ya kujenga kiota, hata kulala sana. Mei Xiang, panda aliyekuwa kwenye bustani ya wanyama ya Washington, alizaa mwaka 2005, kisha akapitia miaka kadhaa mfululizo ya mimba za uongo kabla ya kuzaa tena 2012, huku kila mwaka wataalamu waliobobea wakisubiri kama sisi. Kwa panda sasa hutazamwa protini ya mkojo iitwayo seruloplasmini pamoja na PGFM. Dubu wa barafu ni mgumu zaidi. Hupandwa majira ya kuchipua, kiinitete hakijishikizi mpaka vuli, na majike mengi huingia kwenye mimba ya uongo. Watu wa Cincinnati walifikia kushirikiana na mkufunzi wa mbwa, na mbwa wa aina ya beagle aitwaye Elvis akafundishwa kunusa kinyesi cha dubu wenye mimba. Wewe mwenye duma umebahatika. Mnyama wako atakujibu baada ya wiki tatu kwa homoni inayopimwa kila mahali.

Kuna jamii ambayo kanuni ya kuvuka haifai kabisa, nayo ni mbwa mwitu na mbwa wote kwa jumla. Kwao projesteroni ya asiye na mimba hukaa karibu sawa na ya mwenye mimba, mwanzo hadi mwisho. Mtu akikuuzia kipimo cha projesteroni kwa mbwa mwitu, weka pesa yako mfukoni, ulizia relaksini. Tembo kwa upande wake ni mpole kwa mpimaji: projesteroni ya mzunguko wa kawaida hukaa juu wiki nane hadi kumi hivi, kwa hiyo ikipita wiki ya 12 bila kushuka una mimba ya miezi 22 mikononi. Ila kwake projesteroni yenyewe ni kidogo mno kwenye damu. Zilizojaa ni ndugu zake. Waliompima mwanzoni kwa vipimo vya kawaida walishangaa mnyama mkubwa vile ana namba ndogo vile.

Nirudi kwa altrasaundi ya wenzako, kwa maana kifaa hakina kosa. Kosa ni kuamini kwamba lazima mnyama alale ndipo kitumike. Duma anaweza kufundishwa kujilaza ubavu kwenye wavu, akakubali kuguswa tumbo kwa kijiti, kisha kwa kifaa chenyewe, huku mwenzako akimlisha vipande vya nyama upande wa kichwa. Si kazi ya wiki moja. Kwa duma wenye imani na mtunzaji huchukua miezi. Msianze leo na huyu ikiwa hajawahi kuguswa, kwa sababu mazoezi mapya sasa ni usumbufu mwingine juu ya hali aliyonayo. Anzeni na majike wasiopandwa, ili msimu ujao mkitaka kujua siku ya 35 muone mapigo ya moyo ya watoto kwenye skrini na mwenyewe anatafuna. Vilevile mfundisheni kupanda kwenye mizani. Uzito wa kila wiki, saa ile ile, kabla ya kula, ni kipimo cha bei nafuu ambacho vituo vingi hukidharau. Kamera za joto nazo zimejaribiwa kwa twiga, punda milia na panda. Zinaonyesha joto la tumbo mimba ikiwa imekomaa, zikisumbuliwa na jua, tope na manyoya manene. Kama mnayo, itumieni kama ushahidi wa nyongeza; kama hamna, msiinunue kwa ajili ya hili.

Mpaka siku ya 60 ifike, mchukulieni kama mwenye mimba. Asihamishwe banda. Asipewe chanjo yenye virusi hai wala dawa yoyote, hata ya minyoo, bila daktari kujua kwamba huenda ana mimba. Kelele za ujenzi zisogezwe. Chakula kiongezwe polepole kufuata mizani, si kufuata macho. Anza kukusanya kinyesi leo jioni, maana sampuli za siku ya 41 hadi 58 ndizo zitakazoonyesha kama mstari ulikuwa juu kabla ya kuvuka, hata kama peke yake hazijibu.

Tundu la kuzalia liwe tayari siku ya 80, na awe ameshalizoea. Wekeni kamera ndani kabla hajaingia, si baada. Hesabu siku kutoka tarehe ya kwanza ya kupandwa na tarehe ya mwisho, zote mbili, uandike dirisha la kuzaa badala ya tarehe moja. Muwe na mpango pia wa mtoto mmoja. Duma mwenye mtoto mmoja tu mara nyingi maziwa hayashuki vizuri au humwacha, na uamuzi wa kumlea kwa mkono haufai kufanywa saa nane usiku kwa kubishana.

Na ile sindano ya usingizi? Ina siku yake. Akitokwa na uchafu wenye harufu, akigoma kula siku mbili, akihangaika na uchungu bila mtoto kutoka, au grafu ikionyesha mimba kisha siku ya 98 ikapita kimya, hapo muiteni daktari saa hiyo hiyo na asisite kumlaza. Umwonyeshe grafu na daftari la uzito kabla hajajaza sindano.